Mrumi Mezani kwa Mkwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokwenda kuposa kwa Wakamba, mashariki mwa Thika, nusura nirudi kwangu mtaani Kamenu mikono mitupu kwa sababu ya sahani ya muthokoi.

Nilikuwa mwalimu kijana wa historia, Mkikuyu mwenye maringo yake. Wiki hiyo nilikuwa nimefundisha habari za Warumi wa kale, waliowashinda Wagiriki vitani kisha wakawachukua wawasomeshe watoto wao. Hadharani wakubwa wa Roma waliwabeza Wagiriki kuwa watu wa domo na starehe. Nyumbani walisoma vitabu vyao na kupamba bustani kwa sanamu zao. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka kuliko wote.

Basi mama yake Mwende, binti niliyempenda, akaniandalia muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Kwa kuwa wajomba zangu wawili walikuwa kando yangu, nami nikihofia watanicheka, nikaisukuma sahani na kusema kwetu hatujazoea chakula cha Wakamba. Uongo mtupu, maana kila mchana nilikila kwa mama mmoja pale Kamenu, tena kwa kuongezewa.

Mama yake Mwende akaondoa sahani. Mwende akainamisha kichwa, na moyo wangu ukaniuma. Baba yake akaniuliza nimefundisha nini wiki hiyo. Nikamsimulia Warumi wangu, nikinogesha ili nijiokoe.

"Sasa mwalimu," akasema polepole, "Mrumi si ndiye huyu amekaa kwa nyumba yangu? Huyo mama anakupikia huko Kamenu ni dada yangu, na ameniambia vile unaongezewa."

Nikajibu, "Ni mimi, baba. Nimekosa. Mama, naomba ile sahani, na kama iko ingine usiifiche."

Wajomba walicheka hadi machozi, na mmoja akaomba yake. Mzee akamwambia mkewe, "Huyu akikosa anakubali. Sasa tunaweza kuongea."

Ndivyo nilivyompata Mwende, na mpaka leo nikianza maringo ananiita Mrumi.

Mwanangu, ukionja kizuri cha wenzako, kisifu mbele ya watu wako, hasa wale unaohofia watakucheka. Mtaje aliyekufundisha. Na ukimkosea, ungama chakula kikiwa bado moto. Mungu akujalie marafiki wa kila lugha, na ulimi usioona haya kuwaambia asante.