Mama Anamwita Dereva kwa Jina la Marehemu Kaka Yangu

Nimemwomba admin afiche jina langu kwa sababu kaka yangu naye husoma humu. Nina miaka thelathini na minane, ni fundi cherehani hapa Gisenyi. Niliachika, sina mtoto, naishi na mama yangu mzazi. Tulirudi Rwanda kutoka Kigoma nikiwa msichana, tukaacha huko kaburi la kaka yetu wa kwanza, Yusufu, aliyekufa kwa ajali ya gari. Mama alikuwa safarini. Alipofika, walikuwa wameshamzika. Hakuuona hata mwili wa mwanawe.

Sasa mama ni mzee na kumbukumbu zimemtoka. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemlisha, ninayemvalisha, na yeye ananiita dada wa kazi. Nimezoea, lakini msidhani haiumi.

Babu yetu, baba yake mama, aliwahi kuuza vitambaa Nyanza, mji wa wafalme wa zamani wa Rwanda, na mama alikua akisimuliwa habari za ikulu ya mfalme. Basi mimi na kaka yangu Idi tukasema tumpeleke akaione kabla nguvu hazijamwishia. Tukakodi gari pamoja, mimi, mama, Idi na mkewe, na dereva kutoka Rugerero, kijana mpole wa umri ule aliokufa nao Yusufu. Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, na njia nzima mama alikuwa akisinzia begani kwangu.

Nyanza tulionyeshwa ile nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi, kisha tukapelekwa kwa inyambo, wale ng'ombe wa pembe ndefu. Mama akachoka, miguu ikagoma. Dereva alipotuona akaacha gari, akaja kumshika mkono. Mama akainua macho akamtazama, akamtazama tena.

"Yusufu," akasema. "Umerudi."

Dereva akanitazama mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu, maana sikuwa nimemwambia lolote.

"Ndiyo mama," akajibu. "Mi niko hapa."

Mama akampapasa mashavu. "Waliniambia wamekuzika kabla sijafika."

"Balikukosea, mama. Pole sana."

Idi aligeuka akaenda zake kwenye gari. Mimi nililia, wifi yangu akanishika. Mama mchana ule alikula sahani nzima ya wali, mama ambaye nyumbani namlisha kijiko kimoja kimoja kwa kumbembeleza. Kurudi, alikaa mbele na dereva, akawa anamwambia apunguze mwendo kwenye kona. Alikuwa anacheka. Tulipofika Gisenyi hakutaka kumwachia mkono, mpaka kijana akamwahidi kwamba atarudi.

Na alirudi. Sikumwita. Ijumaa iliyofuata alibisha hodi na sambaza wa kukaanga, vile visamaki vya ziwa letu, akakaa na mama, akamlisha kwa mkono wake. Akawa anakuja kila Ijumaa. Mama akaanza kunenepa kidogo. "Yusufu, mwambie huyu binti akupe chai," ndivyo anavyosema, na huyo binti ni mimi niliyetoka tumboni mwake. Naenda jikoni, napika chai, nafuta machozi, narudi nayo.

Siku moja nilimuuliza yule kijana kwa nini anajisumbua. Akasema, "Dada, mi mama yangu sikumujua. Nikitoka hapa ninalia ndani ya ile voiture ninaendesha. Lakini akiniita, nitakuja tu."

Idi alipojua aliwaka. "Unamleta mtu baki avae jina la ndugu yetu? Yusufu ni marehemu, anaombewa dua, haigizwi!" Akaingia chumbani kwa mama, akamwambia wazi, "Mama, Yusufu alikufa. Huyu ni dereva tu." Mama alipiga yowe lile nililolisikia utotoni siku aliyofika akakuta wameshazika. Alilia mchana kutwa, majirani wakaja wakidhani amefariki mtu. Kesho yake alikuwa amesahau kila kitu, akaniuliza, "Yusufu anakuja lini?"

Tangu hapo Idi amemkataza kijana kukanyaga kwetu, na mama ameacha kula tena. Anakaa mlangoni, kila gari likipunguza mwendo anajaribu kusimama. Idi si mtu mbaya. Alimpenda Yusufu kuliko sisi sote, na anasema kumdanganya mama katika siku zake za mwisho ni dhambi tutakayoulizwa. Labda ni kweli. Ila yeye hayupo hapa mama anapofunga mdomo na kusukuma kijiko.

Jana dereva alinipigia simu. Aliuliza Ijumaa hii aje au asije. Nilimwambia nitamjibu, na mpaka sasa sijamjibu. Enyi mliowahi kuuguza mzazi, mngekuwa mimi mngemwambia nini?