Kisu cha Kukata Kamba ya Koko

Ilianza siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri, na mpaka leo nikisikia harufu ya petroli vidole vyangu vinabana hewa kabla sijajua kwa nini. Jana imenipata tena. Fundi wa baiskeli mbele ya shule yetu alikuwa anasafisha mnyororo kwa kitambaa kilicholowa, upepo ukaileta ile harufu mpaka kwenye dawati langu, na mwalimu aliponiuliza swali la jiografia nikabaki namtazama tu. Wenzangu wakacheka. Mimi ni mtu wa kunyamaza, wamezoea. Lakini kwenye karatasi sinyamazi, kwa hiyo nyinyi nawaambia.

Nilikuwa na miaka tisa. Koko, bibi yangu, mama yake Papa, alikuwa ametoka Yanonge kwa mtumbwi wa injini ili matanga ya babu yamalizikie kwetu Kabondo, Jumamosi asubuhi. Mwaka mzima alikuwa amevaa kikwembe cheusi, na shingoni kamba nyeusi ya pamba, ambayo ingekatwa siku hiyo mbele ya watu. Aliposhuka kwenye baiskeli iliyomleta kutoka bandarini hakuomba hata maji. Alisema kamba yake itakatwa na kisu ambacho mume wake aliwanunulia wanawe. La sivyo, atarudi nayo Yanonge na siku moja atazikwa nayo.

Sasa hapo ndipo shida ilipokuwa. Zamani babu alinunua visu viwili vya kukunja, vinavyofanana kama mapacha, kimoja cha Papa na kimoja cha Tonton Jeannot, mdogo wake. Papa alikitumia cha kwake kila siku sokoni, kufungua magunia ya samaki mkavu, mpaka bapa likavunjika katikati. Mpini ulibaki mzima, mwekundu, unang'aa kwa jasho la mkono wake. Tonton alikisahau cha kwake juu ya tanuri la kukausha samaki. Mpini uliungua ukawa mweusi kama mkaa, lakini bapa lilikuwa zima, refu, karibu jipya.

Ungesema basi, ni rahisi: toa hili, tia pale. Lakini Papa na Tonton walikuwa hawajasemezana tangu babu afe. Papa aliposikia habari alipanda mtumbwi siku ileile, injini ikafa njiani, na alipofika Yanonge akakuta udongo wa kaburi umeshakauka. Tonton ndiye aliyekuwa amezika. Toka siku hiyo, wakikutana, maneno yao yalipita kwangu. Walikaa meza moja, Papa akasema, "Mado, ambia tonton yako chumvi iko mbele yake." Na Tonton akanijibu mimi, "Ambia papa yako nimeiona." Mimi nikigeuka huku na huku kama kuku anayetafuta njia ya kupita.

Mama alitaka kumwita fundi. Koko akakataa.

"Fundi ya nini? Miye nilizaa bafundi babili. Wakae pale, wafanye kazi."

Wakakaa. Benchi moja, uani, kati yao kipande cha chuma kizito ambacho Papa alikitumia kunyooshea misumari. Mimi nikaitwa kushika kikopo cha petroli, kwa sababu kutu ilikuwa imekamata misumari midogo inayoshika bapa. Papa alidondosha tone moja moja, akangoja, akasaga kichwa cha msumari kwa tupa, akagonga mpaka ukatoka. Kisu chake kikafunguka. Halafu akanyoosha mkono bila kumtazama ndugu yake, na Tonton akamwekea kisu cha kwake kiganjani.

Msumari wa kile ulipotoka, mpini ulioungua ulipasuka vipande viwili. Hapo kisu cha Tonton kikaisha. Yeye akaokota vile vipande, akavitazama, akavitia kwenye mfuko wa shati.

Kazi yenyewe ilihitaji mikono mingi. Ndani ya mpini mna ulimi wa chuma unaosukuma bapa kwa nguvu, ndio unaofanya kisu kifunguke na kusimama. Ili msumari mpya upite, lazima mtu akandamize bapa mpaka matundu yaonane, na mwingine apige. Tonton akakandamiza. Papa akapiga. Ko, ko, ko. Kwa jirani redio ilikuwa inaimba na mtu akaizima, nadhani hata wao walikuwa wanasikiliza.

Kisu kikawa tayari. Papa akajaribu kukifungua. Hakikufunguka. Akavuta kwa kucha, akavuta kwa koleo. Msumari ulikuwa umebana mno, na bapa zuri la Tonton lilikuwa limefungiwa mle ndani kama mfungwa. Koko alikuwa amekaa mlangoni, anaona. Akashika kamba yake ya shingoni, akaizungusha kwenye kidole.

Ikabidi kusaga upya na kutoa tena. Msumari wa unene ule ulikuwa umebaki mmoja tu. Jua lilikuwa limeshateremka nyuma ya nyumba ya jirani.

Hapo Tonton akasema, na safari hii hakupitia kwangu: "Baba alikuwa anatia karatasi. Ile ya ndani ya pakiti ya sigara. Anaitia kando ya lame, hii bapa, anapiga, kisha anaivuta. Inaacha nafasi."

Papa akainua kichwa. "Weye unajua sana mambo ya Baba, eh?"

"Nilikuwa namuona, yaya." Alimwita yaya, kaka mkubwa, kama zamani.

"Ndiyo. Weye ulikuwa unamuona. Mpaka mwisho ulimuona, peke yako."

Mama akanipa karatasi ya pakiti, nikaikunja, nikaichomeka pale Tonton aliponionyesha. Ilitaka kuteleza, kwa hiyo nikainama niishike kwa ncha za vidole, uso wangu karibu kabisa. Tonton akakandamiza bapa kwa kidole gumba. Papa akasimamisha msumari wa mwisho, akaanza kupiga, na sasa kila pigo lilikuwa na neno lake.

"Ulimuzika kama mutu hana mutoto mukubwa."

Ko.

"Tulikungojea siku tatu, yaya! Joto ile! Mama yetu mwenyewe alisema..."

"Usimtie Mama mule!"

Nyundo ikashuka. Sikusikia mlio wa chuma. Nilisikia mlio mwingine, wa kitu laini.

Kidole gumba cha Tonton. Damu ilitoka chini ya ukucha taratibu, kama inafikiria. Mama alipiga kelele. Papa aliganda, nyundo mkononi, mdomo wazi.

"Jeannot. Achia."

Tonton hakuachia. Jasho lilimtoka mpaka kwenye nyusi, na macho yake makubwa yalikuwa kwangu, moja kwa moja. Nilidhani amenikasirikia kwa sababu ya karatasi. Nilitaka kulia nikaogopa karatasi ingetoka.

"Piga," akasema.

"Achia, leki yangu, mudogo yangu, umeumia."

"Piga kwanza, yaya. Piga tu."

Papa akapiga. Mara tatu, mara nne, akilia wazi mbele yetu sote, na sikuwahi kumwona akilia hata siku aliyorudi kutoka Yanonge. Msumari ulipokamata, Tonton akaachia na kukaa chini kwenye vumbi. Nikavuta karatasi. Ikatoka bila kuchanika.

Kwa miaka mingi nilisimulia kwamba tonton yangu haumii, ni mkaidi tu. Mwaka jana alituletea kile kisu kikazwe, kilikuwa kimelegea. Safari hii nikasema nitakandamiza mimi, kidole kikateleza kabla msumari mpya haujapita. Ule ulimi ulilirusha bapa, likapita kando ya sikio langu, likagonga mlango nyuma yangu. Papa na Tonton walitazamana. Nikasimama pale nashika sikio, nikakumbuka yale macho, na uso wangu wa miaka tisa ulipokuwa umeinama. Ndipo nikajua alikuwa anatazama nini.

Lakini siku ile nilikuwa sijui. Jumamosi asubuhi watu walijaa uani, nyimbo zikaimbwa, zikanyamaza. Papa, kama mkubwa, alitoa kisu, kisha akampa mdogo wake.

"Kata weye. Weye ndiye ulikuwako."

Koko akafumba macho. Papa akaivuta kamba nyeusi mbali na shingo ya mama yake, ngozi isiguswe. Tonton akajaribu kufungua kisu, akashindwa: gumba lilikuwa limefungwa kitambaa, nene kama muhogo. Akajaribu tena. Watu wakaanza kukohoa.

Mimi, ambaye sijawahi kupita mbele ya watu hata kanisani, nilitoka nyuma ya Mama, nikachukua kisu mkononi mwake, nikaingiza ukucha, nikakifungua. Kililia "ko!" kikasimama. Nikamrudishia, akakata.