Duka la Mama Rukia ndani ya gemu

Jamani, leo nimeitwa dukani nikajua naenda kutukanwa.

Mnaikumbuka ramani ya Kariakoo niliyoiongeza kwenye lile gemu huria, ambalo kila mtu anaruhusiwa kulirekebisha? Kuta zake ni picha nilizopiga mwaka jana.

Kumbe bango la Mama Rukia, muuza vitenge, lina namba yake ya simu. Wachezaji wanampigia kutwa!

Na sheria ya grupu letu la gemu hilo, "omba ruhusa kabla ya kusambaza", niliiandika mimi. Aibu gani hii!

"Shikamoo mama. Nisamehe, naifuta picha nzima."

"Marahaba. Hebu nione kwanza."

Akatazama simu yangu. Pichani, mlangoni pa duka, amekaa marehemu mumewe, anacheka.

"Namba futa. Huyu mwache."



Namba nimeshafuta. Ukipita pale kwenye gemu, simama umpe mzee shikamoo yake.