Maji Niliyompa Wanjira

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyompa Wanjira chupa ya maji, nikajiona mama mwenye adabu kuliko wote wa kijiji chetu cha Karurumo.

Wanjira alikuwa binti wa Mwalimu Njeru. Alisomea vijidudu vya maji na udongo, vile visivyoonekana kwa macho. Tulimcheka: msichana asome hivyo, halafu kazi yake iwe kupiga magoti kwa matope? Jioni moja aliniachia chupa. Nichote chemchemini alfajiri, kabla ng'ombe hawajayatibua maji, naye aipitie akienda kuyapima mjini.

Nilichota. Lakini kulikuwa na vipande vya majani vikielea, nikaona haya. Yafike mjini hivyo, wasomi waseme tunaishi vibaya? Nikayachemsha, nikayachuja kwa kitambaa cheupe, nikayapoza, nikajaza chupa.

Majibu yakarudi: maji ni safi. Tukaendelea kuyanywa vile tulivyozoea, bila kuchemsha. Mwezi haukuisha kabla Nyaga wangu, mtoto wa miaka miwili, hajaanza kuhara. Siku ya tatu macho yalikuwa yameingia ndani, akilia hatoi machozi. Tukalazwa.

Wanjira alipopata habari alinifuata wodini.

"Mama Nyaga, ile maji ulinipea, ulichota wapi?"

"Kwa chemchemi, vile uliniambia."

"Na ukaifanya nini?"

"Nikachemsha. Ningekupea chafu, ionekane na wageni huko mjini?"

Alimtazama mtoto kwanza. "Nilitaka vile mnakunywa, si vile mnapea wageni."

Hakunigombeza zaidi. Alirudi akachota mwenyewe, akachimba pia udongo ulio kati ya chemchemi na choo chetu kipya, kile nilichokuwa nikijivunia. Uchafu wa choo ulikuwa unateremka humo hadi kwenye maji. Choo tulikihamisha. Nyaga alipona, leo ana wajukuu.

Wanjira alizeekea kazi hiyo, kutoka Gachoka mpaka Meru, na kila mahali alichota kwa mkono wake. "Ni wewe ulinifunza," aliniambia tukiwa na mvi, tukacheka. Mimi nilicheka kidogo tu.

Kwa hivyo mwanangu, daktari akikuuliza, au mwalimu, au mwenzako wa nyumbani, usimchemshie kwanza. Mpe mambo yalivyo, na majani yake yakielea. Aibu yangu ingekuwa ya asubuhi moja, nami nikaikwepa, ikamwangukia mtoto.

Mungu akupe watu wa kukuuliza ukweli, na moyo wa kuwajibu. Na watoto wako wanywe maji, wasidhurike.