Faili la Tarishi Ekirapa

Siku yangu ya kwanza kazini katika ofisi ya tarafa, kati ya Busia na Malaba, karani mkuu hakunipa kiti. Alinipeleka masjala, yaani chumba cha mafaili, akaniambia, "Nekesa, kila barua ndani ya faili ina namba yake. Ukiipoteza, umempoteza mtu." Nikadhani ananitisha tu.

Nilifanya kazi chini ya maafisa saba wa tarafa. Wa nne alikuwa mkali lakini mwenye haki. Wakati wake akaja mama mmoja wa Kiteso, Amoit, mjane. Alinyimwa kitambulisho mara mbili. Wazee wa kuhakiki uraia walisema ametoka Tororo, ng'ambo ya mpaka, Uganda. Bila kitambulisho hangeweza kuandikisha shamba la marehemu mumewe, na shemeji zake walishaanza kulilima.

"Mimi nimezaliwa hapa hapa, mama," aliniambia, akikaza leso. "Baba yangu Ekirapa alikuwa tarishi wa ofisi hii. Alikuwa anabeba barua na baiskeli mpaka Nambale."

Nikamwomba afisa ruhusa ya kufungua stoo.

"Mafaili ya zamani si yameliwa na mchwa?" akauliza.

"Yameliwa, lakini si yote."

Nilipekua siku tatu, kitambaa puani. Siku ya nne nikalipata: faili la utumishi la Ekirapa, na ndani yake fomu ya familia. Watoto wanne. Wa tatu, Amoit, amezaliwa tarafa hii hii, kama alivyosema.

Afisa aliisoma akiwa amesimama. Akawaita wale wazee, akawaonyesha. Mmoja wao akakuna kichwa, akasema, "Basi huyu ni wetu. Mama, utusamehe."

Amoit akanigeukia mimi. Aliniomba aone pale baba yake alipotia sahihi. Ilikuwa alama ya kidole gumba, wino umefifia. Akaweka chake juu yake.

Kitambulisho kilitoka, na shamba likaandikwa jina lake.

Sasa nimestaafu, niko Marachi na mihogo yangu, na moyo umetulia. Juzi nilipita ofisini nikakuta vijana wanaingiza mafaili kwenye kompyuta. Nilifurahi kweli, mtu asisubiri miaka. Binti mmoja akaniuliza, "Mama, haya ya zamani tuanze na gani? Ya machifu?"

Nikamwambia, "Machifu wanajulikana. Anzeni na matarishi."