Bwawa la Juu ya Ardhi

Nimejenga bwawa moja tu la kuogelea maishani mwangu, na hata kidole cha mguu sikutia ndani. Nimejenga makanisa, madarasa na matangi ya maji kutoka Embu hadi Meru, na yote naweza kukuonyesha kwa mkono bila aibu. Lile bwawa sikuonyeshi. Nikipita mtaa ule natazama upande wa pili wa barabara.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Sisi wa upande wa Runyenjes tulikuwa tumekwisha kutolewa mashambani na kusongamanishwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Ukitoka bila pasi ya ruhusa unapigwa. Ukichelewa kurudi unapigwa. Mimi siku moja nilipigwa kwa sababu pasi yangu ilikuwa imelowa mvua. Lakini nilikuwa fundi wa mawe, na fundi wa mawe alitafutwa na kila mtu, hata na hao waliokuwa wakitupiga. Kwa hiyo kila asubuhi lori la serikali lilinichukua kwenda Embu kujenga kwenye nyumba za maafisa, na jioni likanirudisha kabla ya jua kutua.

Kaka yangu mkubwa alichukuliwa kabla hatujahamishwa. Tulikuwa tunakunywa uji. Homgadi, wenzetu waliopewa bunduki na serikali, walikuja na afisa mmoja Mzungu, wakachagua wanaume sita wa kwetu, wakawapakia kwenye lori. Tuliambiwa wanapelekwa Embu kuhojiwa. Hawakurudi, na hakuna aliyetuandikia. Mama alizunguka kila mahali alikopewa pasi ya kwenda, na kila ofisi ilimtuma kwenye ofisi nyingine. Basi kwetu kaka hakuwa hai wala hakuwa maiti. Mama alimpakulia chakula kila jioni, na asubuhi alikila mwenyewe kikiwa baridi, maana njaa ilikuwepo na chakula hakitupwi. Mke wa kaka alilala naye chumba kimoja, wakingoja pamoja.

Siku moja niliitwa kwenye nyumba ya afisa mgeni, aliyekuwa amehamia na mkewe na watoto wawili wadogo. Memsabu alikuwa na gazeti lenye picha. Alilifungua juu ya meza ya veranda akanionyesha mabwawa mawili. Moja lilikuwa limechimbwa ardhini, maji yako sawa na majani, unatembea mpaka ukingoni unajitupa. La pili lilikuwa juu ya ardhi, kuta za mawe zinakufika kifuani, na ngazi ndogo ya kupandia. Kwa macho yangu lilikuwa tangi la ng'ombe lililopakwa rangi.

"Hii ya chini iko mzuri sana," alisema. "Lakini watoto iko dogo. Wewe fundi, angalia shamba, kesho sema mimi. Chini ama juu?"

Lilikuwa swali la kweli, na nililichukua kwa uzito kama fundi. La chini ni zuri kwa macho na maji yake hukaa baridi, lakini ukikuta mwamba utajuta kuzaliwa, na kulimwaga maji ni kazi. La juu linakwisha haraka, mtoto hawezi kutumbukia kwa bahati mbaya, na ukifungua bomba maji yanakwenda yenyewe kwenye maua. Nilichukua mtaimbo nikaenda nyuma ya nyumba kupima udongo.

Uwanja ule ulikuwa na mteremko, isipokuwa sehemu moja karibu na ua wa miti. Hapo palikuwa tambarare, na majani yalikuwa yamesimama mazito, ya kijani kibichi, wakati kwingine yote yalikuwa yamekauka kwa kiangazi. Mbwa wa memsabu alinifuata kutoka jikoni akinusa viatu vyangu. Tulipofika kwenye yale majani alikaa chini, akakataa kuendelea. Nilimwita kwa mluzi. Alinitazama tu.

Nilidunga mtaimbo pembeni, ukagonga udongo mgumu ukanirudisha kiwiko. Nikadunga katikati. Ulizama. Sikusukuma, niliuachia tu, ukashuka kwa uzito wake mpaka karibu na mkono wangu, kimya. Udongo wetu mwekundu ukichimbwa ukarudishwa haukai tena kama ulivyokuwa, hata miaka ipite. Nilidunga hapa na pale hadi nikaijua mipaka yake: hatua nne kwa hatua mbili. Mara ya mwisho nilipouvuta, ncha ya mtaimbo ilitoka na kitu cheupe. Nilikisugua kwa vidole. Ilikuwa chokaa.

Chokaa naijua kuliko ninavyoijua sukari. Lakini hapakuwa na msingi pale, wala jiwe, wala dalili kwamba mtu amewahi kujenga, na nilijua kwamba hata maiti humwagiwa chokaa kuzuia harufu. Nilisimama nikaona jua ni kali na mimi nasikia baridi.

Mpishi wa nyumba alikuwa mzee wa Kimbeere, kutoka kule tambarare za Kiambere. Alikuwa amewapikia Wazungu wa nyumba ile mmoja baada ya mwingine, tangu Hali ya Hatari ianze, wakati chumba cha nyuma kilipokuwa cha kuhojia watu. Alikuwa akinitazama kutoka mlango wa jikoni. Lugha zetu zinasikilizana, kwa hiyo tuliongea taratibu, kila mtu kwa yake.

"Baba, nani alijenga pale zamani?"

"Hakuna."

"Na chokaa je?"

Alijifuta mikono kwenye aproni, na haikuwa imelowa. "Mimi nikienda kuchuma mboga nazunguka kwa kule mbali. Sipiti pale. Mwanangu, mwambie ajenge juu."

"Ni watu wangapi, baba?"

"Mimi nilikuwa jikoni," alisema. "Mpishi anaona sufuria." Kisha akaingia ndani.

Jioni ile nilimweleza mama. Labda nilikosea, lakini nilishindwa kuubeba mzigo ule peke yangu. Nilimwambia habari za udongo, chokaa na mbwa. Nilimwambia kwamba kesho ni mimi nitakayesema chini au juu. Alisikiliza huku akipepeta mahindi, na ungo haukusimama hata mara moja.

"Chimba," alisema. "Kama ni yeye, nitajua nimlilie wapi. Nimechoka kupakulia chakula mtu ambaye sijui kama ana mdomo."

Nilimwahidi. Njia nzima kwenye lori asubuhi nilikuwa nimeamua kuchimba. Kaka alikuwa na jino la mbele lililokatika nusu, aliangukia jiwe tukichunga mbuzi, na nilijijua: nitakapoliona lile jino nitakuwa mtu mwingine. Nilifikiria pia kwamba kwetu hakuna anayegusa maiti ovyo. Anayeigusa huoga nje ya nyumba, hali na watu wake wala hagusi chungu chao mpaka wazee wamtakase, na wazee wetu wenyewe walikuwa wamekatazwa kukutana. Nilifikiria afisa atasema nini akiona fundi amefukua siri ya nyumba yake. Sababu zote hizo zilikuwa nzuri. Lakini leo ni mzee, sina wa kumwogopa, na nasema ukweli: niliogopa lile jino.

"Fundi, chini ama juu?" aliuliza memsabu.

"Juu, memsabu. Chini iko mawe mingi sana."

Alifurahi, akasema ni vizuri kwa watoto. Nikaanza kazi siku hiyo hiyo. Nilitandaza kokoto na zege juu ya yale majani ya kijani, na saruji iliniingia kwenye michubuko ikaniunguza. Mpishi aliniletea chai, akaiweka mbali, nikaifuata mwenyewe.

Niliporudi kijijini sikuweza kuingia ndani. Nilijionea haya. Nilikaa nje ya mlango nikanawa mikono, nikanawa tena, kwa sababu saruji ilikuwa ikiwasha. Mama alitoka akaniuliza kama nimechimba. Nikamwambia, "Memsabu amechagua la juu." Alileta chakula nikasema sili. Kula chungu kimoja na mama niliyemdanganya kulinishinda. Nililala pale pale kwenye kibaraza.

Ni mtu wa kwetu tu angeweza kuelewa vibaya kama alivyoelewa yeye. Aliona mwanawe amerudi, amenawa nje mara mbili, amekataa kugusa chungu, amekataa kupita mlangoni. Akajua, au akadhani anajua, kwamba nimechimba kwa siri, nimemwona kaka, nimemgusa, na habari za memsabu ni za kumpunguzia uchungu. Nilipoamka alikuwa amekwisha nyoa kichwa. Mke wa kaka alikuwa amekaa mbele yake, wembe ukipita, na nywele zake zikianguka kwenye mapaja. Hawakulia. Mama alinitazama kwa upole ambao sijawahi kuustahili, akaniambia, "Asante, mwanangu. Usiseme kitu."

Na mimi sikusema kitu. Siku hiyo walichoma kitanda cha kaka na blanketi lake. Jioni mama alipakua chakula cha watu watatu. Nilikula, na niliona jinsi alivyolala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu lori lile. Ningemwamsha nimwambie nini?

Bwawa lilikwisha, likajazwa, watoto wakapiga kelele za furaha. Baada ya wiki mbili niliitwa tena. Maji yalikuwa yakipungua upana wa vidole vitatu kila siku. Nilikagua kuta, zilikuwa kavu. Nilipapasa ardhi kuzunguka, ilikuwa vumbi tupu. Tulilimwaga, nikaona sakafu imebonyea katikati kwa hatua nne kwa mbili, bila ufa hata mmoja, na kwenye kibonyeo maji kidogo yalikuwa bado yakizama, polepole, wakati nikiyatazama. Memsabu aliuliza yanakwenda wapi. Nilimwambia udongo wa Embu una kiu. Nilipiga lipu upya mara tatu mwaka ule, na kila mara maji yalinywewa.

Kisha mambo yakaanza kulegea, wafungwa wakaanza kurudishwa kwa malori. Mchana mmoja nilikuwa nyumbani, nimepumzika kazi, nikasikia wanawake wakipiga kelele langoni mwa kijiji. Kaka alikuwa amesimama pale na mfuko wa gunia. Alikuwa amekonda, lakini alipocheka niliona lile jino nusu. Alikuwa amezungushwa kambi kwa kambi muda wote huo.

Alimtazama mkewe, ambaye alikuwa amezoea kunyoa. Akauliza kitanda chake kiko wapi. Wazee walimzuia mlangoni, wakasema aliyekwisha kuliliwa haingii nyumbani hivi hivi, mpaka mbuzi achinjwe na arudishwe miongoni mwa walio hai. Mama alikuwa akimpapasa uso kama kipofu. Halafu aligeuka akanitazama mimi. Alielewa yote mara moja, kwamba sikuchimba, kwamba nilimwacha anyoe bure. Hakunigombeza. Alikuwa na furaha nyingi mno. Mimi pia nilifurahi, nililia mbele ya watu, na katikati ya kilio changu nilihisi ule mtaimbo ukishuka tena mkononi mwangu.

Watu walijaa kumsalimu kaka. Akaja mama mmoja jirani yetu, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa wale sita. Alimshika kaka mikono yote miwili akamuuliza kama aliwahi kumwona huko kambini.

"Hapana, mama," kaka alisema. "Walitutenganisha Embu. Mimi nilitolewa siku ya kwanza. Wao walibaki kwenye ile nyumba tulimohojiwa."

Mama yangu alikuwa amesimama nyuma ya kaka, ananitazama. Yule jirani aliniendea. Alikuwa na nywele zake zote, zimesukwa vizuri, za mtu anayengoja mgeni.

"Na wewe unafanya kazi huko kwa Wazungu kila siku," alisema. "Hujasikia chochote?"

"Sijasikia kitu, mama," nilimwambia.