Kadi ya Picha Iliyofungiwa Kabatini

Nilitoka chuoni, mwalimu mpya wa kompyuta, nikiamini kwamba vijana wa mji wetu wa Mkuu wanastahili kilicho bora. Wazazi walipochanga tukanunua kadi moja ya kung'arisha picha, niliifunga kwenye kompyuta kuu, ile inayounganisha kompyuta nne za vijana ili wacheze mchezo wa mpira pamoja, kisha nikaifungia kompyuta hiyo kabatini, bila skrini, isiibwe.

Siku ya uzinduzi nilitangaza kwa fahari kwamba kompyuta hiyo huchora hata jasho la mchezaji. Mimi, mtaalamu, nilisahau kwamba kila kompyuta hujichorea picha kwa kadi yake yenyewe. Kwenye skrini za vijana, mpira ulisogea kwa kukwamakwama.

Mama Aloyce, mwenyekiti wa wazazi, akainua mkono.

“Mwalimu, huyo anayetoka jasho kabatini, anatazamwa na nani?”

Nikaanza kutafuta ufunguo.